Macho Meupe ya Mama wa Sambaza

Ukishuka Keshero, mtaa wetu wa Goma, asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, moshi wake ndio uliokupokea. Kisha harufu ya mafuta yanayochemka. Kisha yeye mwenyewe, ameinama juu ya karai pana, anageuza sambaza, vile visamaki vya ziwa letu vyenye urefu wa kidole cha mtoto, uso ameupeleka pembeni kama mtu anayekataa kunong'onezwa. Halafu angeinua kichwa akuulize unataka kiasi gani, na hapo ndipo ungeona macho.

Yalikuwa mekundu. Si wekundu wa mtu aliyelala vibaya. Yalikuwa na vimishipa vinavyotambaa hadi karibu na mboni, na chozi lisiloisha kwenye pembe ya jicho la kushoto, ambalo alilipangusa kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

Tulimwita mama wa sambaza. Jina la ubatizo alikuwa nalo, padri alilijua, lakini hapa naliacha lipumzike. Mimi ni motari, nabeba watu kwa pikipiki, na parkingi yetu ilikuwa hatua chache kutoka kwenye mafiga yake. Shule niliiachia njiani, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa kutoka kwangu. Ila huyu mama nilimtazama kwa miaka, na najua alichokitaka katika dunia hii. Wengine wanataka nyumba ya matofali. Wengine wanataka kuvuka maji waende Ulaya. Yeye alitaka macho meupe, basi. Akayapata, na akayalipia kwa kuona kwenyewe. Ndiyo maana mimi, ambaye kwa kawaida ni mtu wa kucheka, naandika haya polepole.

Motari wana midomo, hilo kila mtu wa Goma analijua. Hatukumwacha.

"Mama, jana ulilewa ukalala kwa nganda gani?"

"Kwa ile yenye nilikutana na baba yako. Alisema nikusalimie, nikasahau."

Au mwingine angeanza kwa sauti ya huruma: "Mama, pole. Nani amekufa?"

"Sambaza. Hauone vile ziko mingi? Leta kikombe, tulie pamoja."

Alikuwa na jibu la kila mtu, na alilitoa bila kuinua macho kutoka kwenye karai. Mimi aliniita Piloti, kwa sababu siku moja nilimwambia kwamba nitakuja kuendesha ndege. Wenzangu walicheka mpaka mmoja akadondosha simu. Yeye hakucheka. Aliuliza tu: "Ukiwa kule juu, utaniona?"

"Nitaona moshi yako, mama."

"Basi utakuwa umeniona."

Mji wetu ni mji wa macho mekundu, hilo nalo lisemwe. Barabara zetu ni mawe meusi ya volkano yaliyosagwa na magurudumu, na kiangazi kikifika lile vumbi linakwaruza kama kioo. Wanaume wanaopasua mawe ya kujengea wanapata vipande machoni. Vijana wanaochomelea vyuma kule Ndosho wanautazama ule mwanga bila kinyago, na jioni macho yanawaka kana kwamba mtu ameyatia chumvi. Mlima nao ukiamua kutema moshi wake, kila mtu anatembea anapangusa. Kisha kuna yale ya watoto: mmoja anaamka tongotongo zimegandisha kope zake, na wiki hiyo hiyo darasa zima linafanana naye.

Mama wa sambaza alikuwa na dumu la maji yaliyochemshwa na kupozwa, amelifunika kwa kitambaa safi, kando ya kuni. Motari akishuka huku anasugua jicho, sauti ilimfikia kabla hajasimamisha pikipiki.

"Acha kukwaruza. Jicho haiko mugongo."

Ungeoshwa mikono kwanza kwa sabuni, utake usitake. Kisha ungeinamishwa kichwa, naye angemimina maji taratibu, akiamuru: "Fungua. Funga. Fungua tena. Angalia chini. Angalia kwa Rwanda." Vumbi lilitoka. Kama halikutoka, kama kilichoingia kilikuwa jiwe au chuma kilichojichoma, hakugusa. Alikufunika jicho kwa kitambaa na kukutafutia mtu wa kukupeleka hospitali, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mimi.

Mafunzo haya hakuyazua mwenyewe. Aliyasikia kwenye mabenchi ya kituo cha afya, miaka ya kusubiri chanjo za wanawe, pale ambapo muuguzi husimama mbele ya akina mama na kusema yale yale kila juma mpaka watu wanasinzia. Yeye hakusinzia. Kwa hiyo mama kijana akija na mtoto mwenye macho yaliyojaa usaha, na titi tayari mkononi ili amkamulie maziwa machoni kama bibi yake alivyomfundisha, alikatazwa papo hapo.

"Maziwa ni ya tumbo. Upanguse na maji ya kuchemsha, kila jicho na kitambaa yake, halafu uende kwa kituo bakupe mafuta ya macho. Na usimulalishe na wenzake kwa mto moja."

Kuna baba mmoja aliyewahi kumwambia kwamba yeye hutumia limau, inaua kila kitu. Mama akageuza sambaza. "Limau ni ya sambaza," akasema. "Weye uko sambaza?"

Kuhusu taulo alikuwa dikteta. Kwenye parsele yake, ule ua ambako wapangaji walikuwa familia kadhaa, kila mtoto alikuwa na kitambaa chake cha kujifutia, kimeshonwa uzi wa rangi yake pembeni, na ole wako wewe mwenye uzi wa kijani ukutwe na cha uzi wa manjano. Macho mekundu yalipoingia kwenye mtaa, hakumpa mtu mkono. Hata kanisani, pale tunapoambiwa tupeane amani, aliinamisha kichwa kwa jirani yake wa benchi na kusema: "Amani iwe kwako, na mukono ibakie kwako." Padri alisikia, akajifanya hakusikia.

Sasa mtu huyu, mwenye sheria hizi zote, alikuwa na kichupa kimefungwa kwenye ncha ya kitenge chake.

Kilikuwa kichupa kidogo cha plastiki cha matone ya macho, na alikipata kwenye farmasi ya kona, kwa kijana mpole ambaye sote tulimwita dokta kwa sababu alivaa koti jeupe. Kijana hakuwa na ubaya. Yeye mwenyewe aliyatia matone yale yale vumbi likizidi. Ukiyatia leo, kufikia saa ya chakula macho yamekuwa meupe, safi kama ubao uliofutwa. Muuguzi wa kituo alipokiona kichupa alimwambia waziwazi: mama, hii ina nguvu sana, ni ya siku chache tu, na ni mpaka dokta wa macho aseme. Mama aliporudi alinisimulia huku akikung'uta karai.

"Siku chache ni za mutu mwenye moshi yake iko ya siku chache."

"Lakini mama, wewe unakataza watu limau."

"Limau inachoma. Hii haichome. Kitu haikuchome, itakuumiza namna gani?"

Hata mimi niliona ana haki. Sisi huku tumezoea kwamba kibaya kinauma. Risasi inauma, njaa inauma, jino linauma. Kitu kinachokuja kimya na kukufanya mrembo, nani atakishuku?

Na alikuwa mrembo kweli. Hapo kabla hatukujua, kwa sababu uso mzima ulikuwa umemezwa na ule wekundu. Macho yalipotulia tukaona kumbe ana mboni za kahawia nyepesi, kama chai iliyotiwa maziwa kidogo. Alianza kukaa benchi la mbele kanisani. Aliingia kwaya, ingawa sauti yake ilikuwa ya kuitia watu sokoni. Alipiga picha kwa mpiga picha wa barabarani, amesimama mbele ya ukuta wa buluu, na akaitundika nyumbani juu ya picha ya Bikira Maria, kisha akaona aibu akaishusha ikae chini yake.

Kitu kingine ambacho watu wa mbali hawakukielewa: hakuwa mtu wa kulia. Chozi lilitiririka mchana kutwa kwa sababu ya moshi, lakini kwenye vilio vya watu, pale ambapo hata wanaume wazima walijifunika uso, yeye alikaa mkavu, akaimba, akachota maji, akaosha sufuria. "Machozi yangu inatumikaka kwa kazi," alisema. "Haibakie ya kilio."

Na ni kwenye kilio kimoja, kabla ya uzuri huo wote, ndipo mambo ya kichupa yalipoanza.

Jirani yetu mmoja alifiwa na mtoto, homa ya siku chache, mtoto mzuri aliyekuwa anajua kuhesabu pikipiki zinazopita. Mama wa sambaza alifika wa kwanza na kuni zake mwenyewe. Walikaa kwenye mikeka, wanawake wa mtaa na shangazi wa marehemu waliotoka mbali. Mimi nilikuwa mlangoni na wanaume. Shangazi mmoja, ambaye hakumjua mtu pale, akauliza bila kushusha sauti: "Na ule mwenye macho ya damu, ametokea wapi? Alizoea kumubeba mutoto?"

Huku kwetu mwanamke mzee mwenye macho mekundu hahitaji kosa jingine. Neno mulozi, mchawi, linakaa tayari kwenye midomo, linangoja tu maiti ndogo. Nimewahi kuona neno hilo linakoishia, mahali pengine, na sitaliandika. Siku ile hakuna aliyelitamka. Walifanya kitu kidogo tu. Wanawake waliokuwa karibu naye wakainuka kidogo, wakaivuta mikeka yao, wakakaa tena, na pakabaki nafasi tupu kumzunguka.

Yeye akamaliza wimbo. Akasimama, akakunja kitenge, akamshika mfiwa mabega, akaondoka akipita katikati ya wanaume bila kututazama. Kesho yake mama wa marehemu mwenyewe alikuja kwenye karai, mbele ya watu wote, akakaa kwenye kigoda na kula sambaza kutoka mkononi mwake ili kila mtu aone. Lilikuwa jambo la ujasiri na nitamheshimu siku zote. Lakini neno la Keshero hufika Majengo kabla ya pikipiki yangu, na halirudi ukiliita. Siku hiyo hiyo mama wa sambaza alikwenda kwenye farmasi ya kona.

"Unajua jeto, ile karatasi yenye banatupatiaka kwa mpaka, ya kuingia Gisenyi?" aliniuliza baadaye, akipapasa ncha ya kitenge. "Ukiwa nayo, askari hata hakuangalie. Hii chupa njo jeto yangu. Bila hii sivuke hata barabara."

Kwa hiyo tulipoanza kuona mengine, hatukutaka kuyaona.

Alimimina sambaza pembeni ya kikombe cha mteja, zikaanguka chini. "Mama, unazipanda? Zitaota?" mmoja wetu akamtania. "Ninalisha shimo za barabara yenu," akajibu, na tukacheka. Alianza kugeuza kichwa kizima kutazama kitu, kama kuku anavyotazama punje. Alijikwaa, lakini nani hajikwai kwenye mawe yetu? Alimsalimia muzee mmoja wa parkingi, mtu wa asili ya Maniema, kwa jina la mwingine, na muzee yule, ambaye hupenda kuheshimiwa, akanuna mpaka jioni.

Halafu siku moja nilikuwa nimesimama upande wake wa kushoto, karibu kiasi cha kusikia joto la karai, nimenyoosha mkono nipokee sambaza zangu.

"Piloti," akaita kwa nguvu, akitazama barabarani. "Piloti, zako ziko tayari. Huyu mutoto amepotelea wapi?"

Nilipunga mkono mbele ya jicho lake la kushoto. Halikupepesa. Nikazunguka polepole mpaka kulia, na alipoona kivuli changu akashtuka, kisha akatabasamu, kisha akaona uso wangu na tabasamu likaisha.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu lini nini?"

Nilimpeleka kwa dokta wa macho kesho yake. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya chini, na alichukua muda. Alimulika, akapima, akaomba aone hicho kichupa. Alipokisoma akakiweka mezani mbali na mkono wa mama, kama unavyoondoa kisu karibu na mtoto.

"Mama, ndani ya jicho kuna maji," akasema. "Yanaingia na yanatoka. Hii dawa ukiiweka muda murefu, kwa watu wengine inafunga njia ya kutoka. Maji yanajaa, yanabana mushipa wenye kupeleka picha kwa kichwa. Mushipa unakufa kidogo kidogo, na hauumi."

"Utanipa dawa ya kuurudisha."

"Chenye kimekufa hakirudi, mama. Jicho la kushoto tumelipoteza. La kuume lingali linaona katikati, kama mutu anaangalia ndani ya bomba. Hilo njo tunataka kuliokoa."

Akamweleza dawa nyingine, tone moja kila jioni, maisha yote, na arudi kupimwa hata akijisikia mzima. Ile ya zamani asiiguse tena. Moshi autengenezee njia, akae upande ambao upepo unamtokea mgongoni, akaushe kuni kabla ya kuzichoma, avae lineti, miwani ya kukinga moshi. Mama aliitikia kila neno. Kisha dokta, kwa sababu alikuwa mkweli, akaongeza: "Hii mpya inaweza kufanya jicho liwe jekundu kidogo. Usiogope, haiko ugonjwa."

Mama akainua kichwa. "Kidogo ya hospitali ao kidogo ya Keshero?"

Dokta akacheka. Mama hakucheka, wala mimi.

Kwa miezi kadhaa aliitia. Sisi motari tulimjengea kizuizi cha mabati ili moshi upande juu, na muzee wa Maniema, aliyekuwa amenuna, ndiye aliyeleta misumari. Jicho la kulia likawa jekundu. Si sana. Lakini yeye alikuwa anaangalia watu wanavyoliangalia, na kwa jicho lile la bomba aliona yale tu aliyoogopa kuyaona: mama mmoja akimvutia mtoto wake upande wa pili wa barabara, mteja wa miaka akinunua kwa mwingine. "Imerudia," walisema. Neno hilo moja tu, imerudia, kana kwamba ni moyo mbaya uliomrudia.

Jioni moja alinikalisha kwenye kigoda.

"Piloti. Mutu achague nini: aone watu, ao watu bamuone muzuri?"

"Aone watu, mama. Hiyo haina hata mjadala."

"Uko kijana," akasema. "Weye ukikaa, watu habasogeze mikeka."

Kisha mjukuu wake akapata mchumba. Msichana wa Majengo, wa familia ya wafanyabiashara waliotoka Butembo, watu wa kusali sana na kutazama sana. Mahari yakapokelewa, siku ikapangwa. Katika nyumba ile bibi ndiye aliyepaswa kumshika bibi arusi mkono mbele ya pande zote mbili na kumwingiza ndani. Hakukuwa na mwingine wa kushika nafasi hiyo. Niliposikia, nilifurahi kwa ajili yake, nikaanza hata kuimba. Kisha nikaona kichupa cha zamani kimerudi kwenye ncha ya kitenge.

"Mama, dokta alisema nini?"

"Mpaka harusi ipite tu. Unataka baseme mutoto wao aliingizwa kwa nyumba na mutu wa macho ya damu? Mutoto wa kwanza akiugua, batasema nani?"

"Na ile ya jioni?"

"Nitaiendelea. Piloti, si haiume. Ingekuwa mbaya ingeuma."

Nilibishana naye mpaka sambaza zikaungua. Nilimwambia nitakwenda mwenyewe kuwaeleza wakwe, nitachukua kipaza sauti cha harusi niwaeleze mambo ya maji na mshipa. Akainua mkono kunikata maneno. Harusi ikafanyika. Alivaa kitenge cha buluu na akamshika msichana yule mkono, na macho yake yalikuwa meupe kuliko gauni. Wakwe walimsifu. Nilipiga makofi pamoja na wengine, nikila wali wangu bila kuonja.

Baada ya harusi wale maharusi wakamchukua akaishi nao Majengo. Mafiga yakabaki pale, baridi. Mimi nami, mji ulipopata taabu zake na ndege zikaacha kushuka, nilikwenda kutafuta maisha upande wa Butembo. Nilimpigia simu mara kwa mara. Sauti ilikuwa ile ile. "Macho iko muzuri," alisema kila mara, kabla sijauliza.

Niliporudi nilikwenda kumwona. Mlango ulifunguliwa na yule bibi arusi, sasa ana mimba kubwa, uso wa furaha.

"Ingia, kaka. Koko yuko kwa saluni. Utashangaa, alipona kabisa. Tazama vile macho yake iko."

Koko, yaani bibi, alikuwa ameketi sebuleni akiuelekea mlango. Macho yalikuwa mazuri kama ya mtoto mchanga. Hakuna mshipa, hakuna chozi. Yalinigeukia na kutua karibu na sikio langu.

"Nani?"

"Piloti."

"Ndege imetua," akasema.

Msichana akaleta maji ya kunawa. Mama akanyoosha mikono na kusubiri; maji yalipoanza kulia kwenye beseni, aliisogeza polepole kuelekea sauti, kwa adabu sana, kama mtu asiye na haraka. Msichana hakuona kitu. Alipokwenda jikoni kutengeneza chai, mama akainama kuelekea upande wangu.

"Usiniuzishe kwa huyu mutoto."

"Mama, unaona nini?"

"Ninaona mulango. Asubuhi mulango iko nyeupe. Mutu akipita kati, ninajua ni mutu. Inatosha. Nyumba nimeishika kwa kichwa, hata kikombe ninajua kwenye inakaaka."

Mlango. Maana yake kulikuwa bado na kitu, ufa mdogo, mwanga mdogo ambao bado haujafungwa. Nikamwambia twende, sasa hivi, pikipiki iko nje, dokta alisema hata kidogo kinaokolewa.

"Kufanya nini? Haiume. Haiko nyekundu. Mutu anaendaka hospitali na macho muzuri?"

"Ile dawa ya jioni iko wapi?"

"Iliisha."

"Na hukununua nyingine."

"Huyu mutoto anaambiaka wageni wote: tazama macho ya koko. Nitamuambia nini?"

Nilijaribu kila njia. Nilimtania. Nilimwambia nikipata ndege nataka anione nikipunga mkono, aone hata kivuli. Nilimkumbusha kitukuu anayekuja, uso wake. Hapo alipapasa kitambaa cha kiti, lakini alitikisa kichwa. Msichana alikuwa anaimba jikoni. Kisha mama akashusha sauti zaidi.

"Piloti, uniambie kweli. Siwezi tena kujitazama kwa kioo. Nikimuuliza huyu mutoto, anasema iko nyeupe. Lakini yuko na adabu, hawezi kuniambia ingine. Iko nyeupe?"

Nikamtazama. Sijapata kuona macho safi namna ile kwa mtu mzima. Nilijua nikisema ndiyo, atatabasamu, tutakunywa chai, na ule mlango utaendelea kufifia asubuhi moja baada ya nyingine.

"Ilikuwa nyeupe, mama," nikasema. "Imeanza kuwa nyekundu. Ile ya kuume."

Mikono yake ikasimama.

"Sana?"

"Bado kidogo. Lakini itazidi."

"Huyu mutoto ameona?"

"Bado hajaona."

Akainuka, akajigonga kwenye meza ambayo alisema ameishika kwa kichwa. "Nipeleke sasa, huyu mutoto asione," akasema. "Mwambie tunaenda kusali."

Dokta alimtazama kwa muda mrefu na aliongea nami kando kwanza. Kilichobaki ni kidogo: mchana anautofautisha na usiku, dirisha analijua, mtu akipita mbele ya mwanga anamwona kama kivuli. Walimrudishia matone ya jioni, baadaye wakamfanyia operesheni ya kufungua njia ya maji, na hicho kidogo bado anacho. Dokta alijua nilivyomleta. Mama mwenyewe aliingia akisema jicho limekuwa jekundu. Dokta aliniangalia, akaliangalia lile jicho jeupe, akasema, "Ndiyo, mama. Vizuri umekuja mapema."

Lakini mimi nabaki na ile safari. Kutoka Majengo watu walikuwa wengi barabarani, ilikuwa saa ya kutoka shule. Alikaa nyuma yangu kwa upande, mkono mmoja umenishika koti, na kwa mkono wa pili alikuwa amejivuta kitenge mpaka chini ya pua. Watu wa mtaa walimsalimia, "Koko, jambo," naye aliitikia akiwa ndani ya kitambaa.

"Piloti. Bananitazama?"

"Hapana, mama. Banatazama pikipiki. Iko mupya."

Haikuwa mpya. Nilikwepa mawe taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye mteremko upepo wa ziwa ukatupiga, ukakiinua kitenge, na kwenye kioo cha pikipiki nikayaona macho yake, meupe, hayana mshipa hata mmoja, yamefunguka wazi mbele ya watu wote, na mkono wake unapapasa hewani ukitafuta kitambaa kilikokwenda ili yajifiche.